Mtaro Uliofunikwa kwa Maua

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Maana yake haihitaji shahada: ugonjwa uliofichwa hauponi. Unakua kimyakimya, na siku utakapojitangaza, mwenyewe hataweza kuuzima. Wengi huikariri methali hii wakifikiria homa na kifua. Mtaa mmoja uliielewa kwa maji.

Ulikuwa mtaa mfupi wa nyumba ishirini na mbili, ulioshuka mteremko. Katikati ya barabara palikuwa na shimo ambalo kila mgeni alilitukana na kila mwenyeji alilizunguka bila kulitazama. Taa za barabarani zilikuwa tano. Iliyowaka ni moja, nayo ilikonyezakonyeza kama jicho lenye mchanga. Mtaro ulianzia juu ukashuka vizuri tu, lakini ulipofika nyumba ya mwisho ulikomea ukutani, bila mdomo wa kumwagia maji. Walioujenga waliondoka siku moja wakisema watarudi. Hawakurudi.

Nyumba hiyo ya mwisho ilikuwa ya fundi cherehani mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Usafi. Alifagia mbele ya mlango wake kabla jua halijachomoza, na ukipita na kiatu chenye tope alikuangalia mpaka ukajuta kuzaliwa na miguu. Mwanawe wa pekee aliishi nchi nyingine na alimpigia simu kila Jumapili mchana. Siku sita zilizobaki zilikuwa ndefu. Alipokosa wateja, Mama Usafi alikanyaga cherehani bila uzi wala kitambaa, ili nyumba isikae kimya.

Kila msimu wa mvua maji yaliingia ndani. Yalipokauka, yeye alichukua chaki yake ya kushonea, ile ya nta isiyofutwa na maji, akachora mstari ukutani pale maji yalipofika, akaandika mwaka. Mistari ilikuwa mitano, kila mmoja juu ya mwenzake. Kisha akashona pazia refu akaifunika yote. Mwanawe akiuliza, "Mama, mvua huko vipi?" alijibu, "Manyunyu tu, baba." Aliogopa kuwa mtoto akijua, angekuja kumchukua akamweke kwenye kochi la nyumba ya watu, awe mzigo.

Mwaka huo mwenyekiti wa mtaa aliwaita wakazi akawatangazia jambo. Wakaguzi wangepita Alhamisi katika mitaa sita, wakipima barabara, mitaro, taa na maji ya bomba, na kuipa kila mtaa alama. Mitaa miwili yenye hali mbaya zaidi ingetengenezwa kabla ya mvua. Mingine ingesubiri mwaka mwingine.

"Kwa hiyo tutakaguliwa," alisema Mama Usafi, na kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

Jumatano yote aliwaamrisha watu kama bibi harusi anayepokea wakwe. Shimo lilijazwa kifusi. Mtaro ulizolewa taka mpaka ukang'aa. Pale ulipokomea ukutani, alilaza mbao, juu ya mbao akapanga makopo saba ya maua. Fundi viatu, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, alimtazama huku amebana misumari midomoni.

"Mama Usafi," alisema baada ya kuitema, "daktari anakuja, wewe unampaka mgonjwa poda?"

"Ulitaka mgeni nimwonyeshe choo kwanza?"

"Huyu si mgeni. Huyu anakuja kutafuta choo hasa!"

"Wewe fagia ngozi zako. Mlango wako unatia aibu."

Fundi viatu alicheka, na kosa lake ni kwamba alifagia. Wote walifagia. Kila mmoja alijua mgonjwa anaumwa wapi, na kila mmoja alimshikia Mama Usafi kopo la poda.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi, mwanamke mwenye buti, futi ya chuma na fomu kwenye ubao. Aliupima mtaro upana na kina. Akalikanyagakanyaga shimo lililojazwa. Alipofika mwisho alisimama mbele ya maua.

"Shikamoo, mama. Huu mtaro unamwaga wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Unaenda zake huko chini."

"Na mvua ikinyesha? Maji yanaingia ndani?"

Mama Usafi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Nyuma yake, hatua nne tu, pazia lilining'inia. "Ndani kwangu?" alisema. "Unaniona mimi ni mtu wa kulala na maji?"

Mkaguzi akacheka. Akatazama maua, akatazama ufagio, akaandika. "Laiti mitaa yote ingekuwa na mtu kama wewe. Mtaa wenu mzuri sana, mama."

Ilikuwa miezi mingi tangu mtu amwambie Mama Usafi neno jema bila kuwa na nguo ya kupunguzwa kiuno. Alimkaribisha chai, mkaguzi akashukuru, akasema ana mitaa mitatu mbele yake, akaenda. Lakini sifa ile ilibaki, na Mama Usafi akaitafuna siku tatu kama karanga za kuokolea njaa.

Majibu yalibandikwa mlangoni kwa mwenyekiti. Mtaa wao ulikuwa wa kwanza kwa uzuri. Maana yake ulikuwa wa mwisho kwenye orodha ya kutengenezwa.

"Hongera," alisema fundi viatu, wala hakucheka. Kuanzia hapo watu walimpita Mama Usafi kama wanavyolipita lile shimo. Salamu zilikauka. Hata mama wa nyumba ya tatu, aliyekuwa na magauni mawili ya kurekebishwa, aliyapeleka mtaa wa pili. Cherehani ilikanyagwa bila uzi asubuhi na jioni, mpaka mwenyewe akachoka kujidanganya, akaiacha. Nyumba ikanyamaza.

Mvua ilianza wiki ya tatu baada ya majibu, na Jumapili mchana ilipiga kama ina kisasi. Kifusi cha shimoni kilisombwa hadi mtaroni, mtaro ukabeba mzigo wote mpaka ukutani, na ukuta haukuwa na la kuujibu. Makopo ya maua yaliondoka yakielea, moja baada ya jingine. Simu ikaita.

"Shikamoo, mama. Huko mvua vipi?"

Maji yalikuwa magotini. "Manyunyu tu, baba," alisema, akipanda mezani.

"Mbona nasikia kelele?"

"Redio hiyo."

Alitazama mlango. Maji yalikuwa yameubana, na aliposhuka kuuvuta haukutikisika. Pazia lilivimba, likachomoka kwenye misumari yake, likamzunguka miguu. Akaanguka. Simu ikiwa bado mkononi, Mama Usafi, aliyekuwa hajawahi kupaza sauti mbele ya mtu, alipiga ukunga uliosikika kwa mwanawe nchi ya mbali na kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara kwa wakati mmoja.

Fundi viatu alikuwa akiokoa ngozi zake. Aliziacha. Alivuka maji yakiwa kifuani, akavunja dirisha kwa nyundo ya kazi, akamtoa fundi cherehani kupitia hapo kama mzigo wa nguo chafu. Ngozi zake zote zilikwenda na maji. Cherehani ilizama. Mama Usafi alitoka na kifundo cha mguu kilichovunjika.

"Kwa nini umekuja?" alimuuliza, walipokuwa barazani kwa fundi viatu.

"Ulilia," fundi viatu alisema. "Mtu akilia huendewa. Ungelia Alhamisi ile tungekuwa na mtaro."

Baada ya siku nane mkaguzi alirudi na fomu yake kuandika hasara. Mama Usafi alikuwa ameketi kwenye kiti, mguu umefungwa. Hakumzuia mlangoni. Alimwonyesha ukuta usio na pazia: mistari mitano ya chaki, na juu yake alama mbichi ya tope, usawa wa bega.

Mkaguzi aliisoma miaka yote, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama, hii nyumba ingenitosha peke yake. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema mtaa wetu mzuri," Mama Usafi alijibu. "Nilitaka uendelee kusema."

Mkaguzi alipima ukuta mara mbili. Kazi za mwaka huo zilikuwa zimeshaanza kwingine, akaeleza bila kumung'unya maneno; mtaa wao ungekuwa wa kwanza mwaka ujao, baada ya mvua nyingine moja. Safari hii alikubali chai.

Tangu ukunga ule mwanawe alikuwa amepiga kila siku, na Mama Usafi alimjibu kwamba aliteleza tu. Jumapili simu ikaita tena. "Shikamoo, mama. Hali?"

Mama Usafi alitazama mahali cherehani ilipokuwa. Fundi viatu alikuwa nje akitoboa mfereji wa muda ukutani, akiguna. "Hali mbaya, baba," alisema. "Kaa chini nikwambie, tena tangu mwanzo. Ni miaka mitano."

Akaeleza yote, mstari kwa mstari. Ama kweli, mficha maradhi, kilio humfichua.