Vidonge vya Sisimizi

Niwape, nisiwape?
Tupe!
Ni chungu.
Tupe hivyo hivyo!

Palikuwa na Digidigi na Sisimizi, marafiki walioitana somo. Siku moja Digidigi akatokwa na uvimbe chini ya mbavu. Kumbe Uvimbe huyo alikuwa na mdomo. "Nipe damu!" Akapewa. "Nipe sukari!" Akapewa. Gubu, gubu, gubu! Uvimbe akanenepa, Digidigi akakonda.

Digidigi akanywa dawa ya mizizi, chungu kama nyongo. Dawa ikaenda mwili mzima. Ikamchoma tumbo, ikamnyonyoa manyoya, na Uvimbe likamfikia tone moja tu. Akalitema, ptuu! "Nimesema sukari!"

"Somo," Digidigi akasema, "dawa hii itaniua mimi kabla yake."

Sisimizi akaenda nyuma ya jani akalia huko, asionekane. Kisha akapangusa macho, akaanza kazi.

Akachukua utomvu wa mgunga, akafinyanga vidonge, ndani ya kila kimoja chembe ya dawa. Akavitia mshipani mwa somo yake. Vya kwanza vilikuwa vikubwa, vikakwama njiani. Akafinyanga tena. Vya pili vilikuwa vidogo mno, vikatoka na mkojo. Akafinyanga tena. Vya tatu vilikuwa kadiri, lakini walinzi wa damu wakapiga kelele, "Wageni! Wageni!" wakavitafuna vyote.

Kila aliporudi, alimkuta Digidigi amepungua zaidi.

Vya nne akavipaka ute wa mlenda, viwaponyoke walinzi. Juu ya ute akabandika sukari. Safari hii akaingia navyo mwenyewe. Telee, telee, wakapita. Nyumba ya Uvimbe ilijengwa kwa pupa, kuta zote nyufa. Sisimizi akasimama kwenye ufa mmoja.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, bwana. Nina sukari, lakini si yako. Ni ya Moyo na Ini, wakubwa zako."

"Wakubwa zangu?" Uvimbe akafoka. "Lete hapa! Na hicho nipe! Na hicho!"

"Hutawaachia wenzako hata kimoja?"

"Hata nusu!"

Gubu, gubu, gubu! Akameza vyote. Tumboni mwake mlikuwa na uchachu, nao ukayeyusha utomvu. Dawa ikamwagika yote humo humo. Uvimbe akanywea, fyuuu, kimya.

Sisimizi akatoka mbio. "Somo! Somo, amekufa!"

Digidigi akafumbua macho. "Kweli, simsikii tena," akasema. Akaomba majani mabichi, akala mawili. Siku saba alilala bila maumivu. Siku ya nane hakuamka. Mwili ulikuwa umeshachoka kabla vidonge vya nne havijawa tayari.

Sisimizi akakaa ubavuni mwake mpaka ubavu ukapoa.

Kesho yake akaja Swala, anainamisha uso kwa aibu. "Samahani, najua una msiba. Nina kitu hapa shingoni."

"Kaa hapo," Sisimizi akamwambia. Akavuta utomvu, machozi yanamdondoka, akaanzia moja kwa moja kwenye vidonge vya nne.

Na funzo lake? Tuache pupa, jamani. Uvimbe angekula kidogo kidogo, kwa adabu, angekuwa hai mpaka leo.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye machozi ajifute, mwenye kicheko acheke polepole.