Kicheko Alichokiazima Perepetua

Kicheko cha kuazima hakijui msiba.

Maneno hayo yalimtoka Bi. Mwanahawa, mkata tiketi wa ukumbi wa zamani wa reli pale Morogoro, alipomsikia kijana mmoja akimnong'oneza rafiki yake: "Nikishika maiki, wewe cheka tu, hata kama sijasema kitu." Vijana waliokuwa wakingoja zamu zao za kuchekesha wakamgeukia. Methali gani hiyo, Bibi? Imetoka wapi?

Bi. Mwanahawa akaweka tiketi zake kando, akavuta kigoda. "Kaeni chini. Haikutoka mbali. Ilizaliwa humu humu ndani, na ilianza hivi."

Palikuwa na binti mmoja, Perepetua Mkude, fundi cherehani wa sare za shule kule Mji Mpya. Alikuwa mcheshi wa kuzaliwa. Wateja walifika kupima suruali za watoto wao, wakaondoka wamecheka na kusahau kupima. Lakini cherehani si jukwaa, wanangu. Wakati huo, kama sasa, Jumapili alasiri ukumbi huu ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuchekesha watu. Unataja jina mlangoni, unapewa maiki, unajitetea mwenyewe.

Na watu wa hapa hawakuwa na desturi ya kuzomea. Afadhali wangezomea! Mchekeshaji akiwachosha walinyamaza, kisha mmoja akainua mkono na kuanza kumpungia, polepole, kama mtu anayemuaga msafiri. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka ukumbi mzima ukawa unapunga bila sauti. Ukipungiwa, unashuka. Fundi baiskeli mmoja alipungiwa, watoto wakaendelea kumpungia hadi sokoni. Mwisho akahamia Kilosa kwa shangazi yake.

Perepetua aliiogopa mikono ile kuliko nyoka. Mara yake ya kwanza jukwaani hakucheka mtu, na mkono wa kwanza ulikuwa umekwisha kuinuka pale umeme ulipokatika na maiki ikafa. Alishuka akimshukuru Mungu na shirika la umeme.

Mara ya pili ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu katikati hapo mama yake alikuwa amefariki. Ninyi mnajua, kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Mjomba huyo, Mzee Kobelo, alimwita nyumbani kwake.

"Dada yangu hata mwaka hajamaliza kaburini, wewe unataka kuchekesha watu?"

"Mjomba, Mama mwenyewe alipenda niendelee."

"Alipenda, sawa. Basi nitakuja nione kwa macho yangu. Wakikupungia, mpwa wangu, jambo hilo limekwisha. Sitaki kulisikia tena."

Perepetua akaitikia, maana asingeweza kukataa. Tangu hapo usingizi ukampaa. Akashona mikono ya shati kinyumenyume, akaifumua, akaishona kinyumenyume tena. Kila akifumba macho aliiona mikono, na mkono wa mbele kabisa ulikuwa wa mjomba wake.

Hofu ni mshauri mbaya. Ilimpeleka kwa Mzee Chogo, muuza mkaa. Mzee yule alikuwa na kicheko cha ajabu: akiangua kimoja tu, majirani wote walicheka bila kujua wanacheka nini. Ila masikio yake yalikuwa yamekufa. Alikuwa amefanya kazi ujana wake wote kando ya msumeno wa kiwanda cha mbao, sasa hata ukimpigia kelele sikioni alisikia nusu. Kwa hiyo wakapatana ishara.

"Ukiniona nimejifuta uso kwa kitambaa hiki cheupe, cheka," Perepetua alimpigia kelele. "Kitambaa kikiwa bado usoni, usiache."

"Mwanangu, kucheka nako ni kazi?" akasema Mzee Chogo. "Nitacheka mpaka bati litikisike." Naye Perepetua akamtilia koti lake viraka, wakaachana kwa furaha.

Jumapili ikafika. Mzee Kobelo alikaa safu ya pili, amevaa kanzu yake ya msibani, mikono juu ya mkongojo. Perepetua akapanda. Akasema kichekesho chake cha kwanza, akajifuta uso. Mzee Chogo akaangua, na ukumbi mzima ukacheka naye. Cha pili, kitambaa, kicheko. Mtu mwingine angetulia hapo. Yeye hofu ilimzidi, maana alijua watu hawachekeshwi naye, wanachekeshwa na Chogo. Tena mjomba hakuwa amecheka hata kidogo.

Akamtazama mjomba kupita kiasi. Alipotaka kusema cha tatu, hakikuwapo. Kichwa kilikuwa kitupu. Ukumbi ukanyamaza. Kule nyuma mkono mmoja ukainuka, ukaanza kupunga. Ukafuata wa pili.

Mtu anayezama hushika chochote. Perepetua alishika kilichokuwa karibu zaidi moyoni mwake.

"Mama yangu," akasema, "alikuwa fundi kunishinda. Siku zake za mwisho hospitalini hakuweza hata kuinua kikombe. Muuguzi akaja kumpima homa. Mama akalitazama gauni lake, akamwambia: Mwanangu, nani amekushonea pindo hili? Livue, sitakufa nikiliangalia."

Hakuna aliyecheka, lakini mikono kule nyuma ilishuka. Watu waliinama mbele kumsikiliza. Kimya kilikuwa kingine kabisa, na Perepetua alikihisi. "Akalivua kweli," akaendelea. "Mama akalipokea. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Kesho yake..."

Chozi likamtoka. Akasahau. Akajifuta uso kwa kitambaa.

Mzee Chogo akaangua kicheko.

Kililipuka peke yake katika ukumbi ule, kikagonga bati na kurudi. Perepetua aliingiwa na hofu ambayo hajapata kuijua, akafanya kile ambacho mwenye hofu hufanya: akajifunika uso. Kwa kitambaa kile kile! Mzee Chogo, mtu mwaminifu, akakumbuka mapatano. Kitambaa bado kiko usoni, usiache. Akazidi kucheka, akajipiga mapaja.

Mzee Kobelo akasimama. "Nani huyo anayemcheka dada yangu?"

Vijana wawili walikwisha kumkamata mzee kwenye ukosi wa koti. "Mlevi huyu! Mtoeni nje!" Mwingine alikuwa amekunja ngumi. Mzee Chogo aliwatazama mmoja mmoja, bado anacheka, haelewi.

Perepetua alijua kwamba akinyamaza, mzee atapigwa, na yeye atabaki binti wa kuhurumiwa. Hata mjomba angemhurumia. Akisema kweli, ndio mwisho wake. Akashusha kitambaa.

"Mwacheni! Hana kosa, hasikii. Nimekiazima mimi kicheko chake. Tulipatana acheke kila nikijifuta uso."

Mzee Kobelo akamgeukia. "Ulikiazima kwa nini?"

"Nilikuogopa, Mjomba. Niliogopa unipungie."

Vijana wakamwachia Mzee Chogo. Mtu mmoja akamwinamia sikioni, akampigia kelele kwamba binti alikuwa akisimulia kifo cha mama yake. Uso wa mzee ukaanguka. Akavua kofia, akaketi sakafuni kama watu wanavyoketi msibani, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Sikujua ni kilio."

Hapo ndipo Mzee Kobelo alipotamka, si kwa ukali, kama mtu anayejisemea: "Kicheko cha kuazima hakijui msiba."

Kisha akainua mkono.

Perepetua aliuona ukipanda. Ndio ule mkono aliouona kila akifumba macho. Akaiweka maiki sakafuni ili ashuke. Lakini mkono haukupunga. Ulibaki juu, kama wa mwanafunzi anayeuliza.

"Lile pindo," mjomba akasema. "Alilifumua kwa kitu gani, na mkasi hakuwa nao?"

Perepetua akalazimika kujibu bila maiki. "Kwa meno, Mjomba. Akalishona upya, akamrudishia muuguzi, akamwambia: Sasa naweza kwenda."

Mzee Kobelo akatazama chini. Mabega yakaanza kumtikisika, watu wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko kikavu, kibovu, cha mtu aliyekisahau tangu siku ya maziko. "Huyo ni dada yangu," akasema huku akifuta machozi. "Huyo ni yeye hasa." Na ukumbi ukacheka pamoja naye, akiwamo Mzee Chogo, ambaye safari hii hakutazama kitambaa, alimtazama Kobelo.

Bi. Mwanahawa akachukua tiketi zake. Ndani, jina la yule kijana lilikuwa linaitwa. Kijana akasimama, akautazama mlango, kisha akamwambia rafiki yake: "Kaa kimya. Ukichekeshwa, ndio ucheke."

"Nenda, mwanangu," Bi. Mwanahawa akamwambia. "Hofu hiyo ni yako, nenda nayo. Kicheko cha kuazima hakijui msiba."