Mlima Uliokuwa Chini ya Miguu

Haya, vuteni viti. Mwenye moyo wa kuku amshike jirani yake mkono mapema, nisije nikalaumiwa. Hadithi hii wengi wameisimulia na wote wameiharibu. Leo mtaisikia inavyotakiwa.

Kule kusini kabisa, dunia inapoishia, kuna nchi ya barafu tupu. Kiangazi chake jua halizami, linazunguka tu angani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Huko hakuna mti wala jani, hata inzi wa kumfukuza hakuna. Katika nchi hiyo palikuwa na kambi, na katika kambi hiyo walikuwamo watu watatu wa kwetu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mghoi, mwanamke wa Wundanyi, aliyeendesha malori barabara ya Voi kabla ya kupewa trekta la theluji. Kipaji chake kilikuwa kwenye nyayo. Barafu ya huko ina nyufa za kumeza nyumba ya ghorofa, na theluji huzifunika juu kama malai juu ya maziwa. Wewe ungepita ukiimba, na wimbo wako ungeishia humo. Mghoi alikanyaga tu, akajua: hapa pagumu, hapa pana mdomo.

Wa pili ni Ndesario, fundi redio wa Marangu. Kipaji chake kilikuwa kwenye masikio. Unalipua baruti kidogo juu ya barafu, mlio unashuka, unagonga mwamba huko chini, unarudi. Wenzake husubiri kompyuta iwaambie. Ndesario alivaa hedifoni, akafumba macho, akakwambia mwamba uko wapi na umelalaje. Na alijijua kwamba anajua, kwa hiyo mdomo wake haukupata likizo.

Wa tatu ni Kaaria, Mmeru mchimba visima. Kipaji chake kilikuwa kwenye mikono. Mtambo uliowagomea watu wote ulimkubali yeye. Maneno yake yalikuwa machache, ila hayakuanguka chini.

Kazi yao ilikuwa kupima barafu upande ambao ramani ilikuwa nyeupe kama sahani iliyorambwa. Kila mtu aliamini kwamba chini ya barafu ile ni tambarare.

Sasa sikilizeni vizuri. Mghoi alikuwa na jambo lake moyoni. Mwaka uliotangulia, katika upande huohuo, mdogo wake Mwadime, naye wa kambi hiyo, alidumbukia ufani na hakuonekana tena. Kambi ilikuwa na desturi: mtu akipotea, bendera nyekundu inachomekwa pale, na hakuna msafara unaoruhusiwa kupasogelea. Basi, imekwisha. Lakini Wataita wa zamani waliwapumzisha wazee wao katika mapango ya vilimani, kila ukoo na pango lake. Mwadime amelala kwenye uwanda usio na hata kichuguu. Kila mama yao alipopiga simu, swali lilikuwa lilelile: "Mwanangu amelala kwenye kilima gani?" Na kila mara Mghoi alisingizia mtandao.

Ndipo siku moja safarini Mghoi akakata kona.

"Dada, njia si hii," akasema Kaaria.

"Najua."

"Bendera ile pale."

"Ninaiona. Nina macho."

"Mama Nanyaro akisikia atatupika supu," Ndesario akadakia, akimkumbuka mkuu wa kambi.

"Wewe hutaivisha supu. Mifupa mitupu na kelele," akajibu Mghoi.

Akashuka, akatangulia kwa miguu, akapata kipande kigumu kati ya nyufa, akaliingiza trekta taratibu, akazima. Kutoka ndani ya koti akatoa chupa ya maji ya muwa aliyokuwa ameipasha joto kifuani. Alitaka kumfanyia mdogo wake kutasa, kama wanavyofanya kwao: unapiga funda, unapuliza, unatamka la heri.

Akapiga funda. Akapuliza. Lo! Matone yaliganda hewani, yakaanguka juu ya theluji kama shanga, ti, ti, ti. Mghoi akainama kuziokota, la heri hajalitamka.

"Imekataa," akanong'ona. "Haikumfikia."

"Imemfikia, dada," akasema Kaaria. "Imemfikia ikiwa ngumu."

Ndesario hakujua la kufanya na huzuni ya watu wengine, akakimbilia kazi. Akasogea mbali na ufa, akatega baruti kidogo, akavaa hedifoni. Pu! Akafumba macho. Kisha akayafumbua yote mawili kama aliyeng'atwa. Akavua hedifoni, akaipigapiga, akavaa tena, akalipua tena. Midomo ilikuwa imempauka.

"Mlio umerudi kabla sijashusha pumzi."

"Maana yake nini?" akauliza Mghoi.

"Maana yake hakuna tambarare hapa! Tumesimama juu ya kilele. Mlima, jamani! Mlima uko chini ya viatu vyenu!"

Watatu wote wakatazama miguu yao. Theluji ilikuwa bapa kama meza. Kaaria, mtu mzima mwenye ndevu, akanyanyua mguu mmoja kana kwamba amekanyaga mtoto.

Wakaufuata huo mlima. Mghoi alipitisha trekta katikati ya nyufa ambazo asingekuwapo zingewameza, na Ndesario akasikia kilele baada ya kilele, mabonde, magenge, safu nzima ya kushindana na Mawenzi, imezikwa wima. Wakaita kambini kwa redio.

"Masikio ya Ndesario si jiwe," akajibu Mama Nanyaro. "Nileteeni jiwe, ndipo nitawasamehe ile bendera."

Basi Kaaria akachimba pale kwenye kilele cha kwanza, barafu ilipokuwa nyembamba kuliko kwingine. Mtambo ukaganda. Akavua glovu, akaishika keekee yake ya chuma kwa viganja vitupu mpaka ikalegea, na ngozi yake ikabaki kwenye chuma. Hakulia. Jiwe lilipopanda, jeusi, la ukubwa wa ngumi, ndipo akalia.

Kambini watu walilipokezana lile jiwe. Mama Nanyaro akaketi.

"Safu hii itaingia ramanini," akasema. "Jina moja, kutoka kwa mtu mmoja. Nani kati yenu anatoa, amueni wenyewe. Mkishindwa, itapewa namba, kama chumba cha gesti."

"Milima ya Ndesario," akasema Ndesario papo hapo. "Mnacheka nini? Walioandika majina yao kila kona ya dunia walikuwa na mapembe? Ningekuwa kiziwi mngekuwa bado mnaukanyaga na viatu vyenu bila kujua."

"Nkatha," akasema Kaaria, mikono imefungwa bendeji. "Binti yangu. Amezaliwa nikiwa huku, sijambeba. Na mikono yenyewe ndiyo hii. Bila jiwe, mlikuwa na hadithi tu."

"Mwadime," akasema Mghoi. "Bila mimi msingefika pale wala msingetoka. Na mimi namtakia mdogo wangu kilima chake, nimjibu mama."

Ila Ndesario, mnamjua.

"Dada, usinichukie. Unajua kwa nini pale pana nyufa? Barafu inatembea. Ikifika juu ya kilele inavunjika mgongo. Ufa ule ulifunguliwa na huo mlima."

Kikombe kikamponyoka Mghoi. Chai ikasambaa sakafuni, hakuna aliyeifuta.

"Yaani mlima ndio..."

"Ndio uliommeza. Sasa aliyeua apewe jina la aliyeuawa?"

"Ndesario!" Kaaria akafoka. "Mdomo huo!"

Mghoi akalivuta lile jiwe jeusi karibu yake.

"Basi sisi wote tumechelewa. Wewe umeusikia, Kaaria ameuchimba, mimi nimewafikisha. Mwadime ndiye aliyetangulia kuufikia."

Ndesario akainama, akaanza kuifuta ile chai. Mama Nanyaro akafungua kalamu, akawatazama mmoja mmoja. Nje, injini ya ndege inayopeleka ramani ilikuwa imeshawashwa.

Msinikimbie, maana mimi kwangu nimemaliza. Aliyefikisha, aliyesikia, aliyetoa jiwe: mwondoe mmoja tu, mlima haupo. Na kuna wa nne, asiyeweza kuomba chochote. Kalamu haitaandika majina mawili. Je, wewe ungeamua vipi? Na jina utakalolitaja, utamtazama nani usoni ukilitaja?