Kifungu cha Nne

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, katika jimbo moja la Marekani alikuwapo dereva wa lori, Singasinga aitwaye Ujagar Singh. Tangu azaliwe, nywele zake hazikuwahi kuguswa na mkasi, maana ndivyo dini yake inavyoamuru. Siku moja akakamatwa kwa kosa la barabarani ambalo baadaye lilifutwa. Huko mahabusu askari wanne wakamvua kilemba, wakamkandamiza chini, wakamnyoa kichwa na ndevu. Na walicheka.

Alipotoka hakunyamaza. Wakili Tavleen Kaur, binti wa jamii yake, akaandika muswada: mwajiri asimkataze mtu kilemba wala ndevu. Kifungu cha nne kilikuwa cha Ujagar: mahabusu asinyolewe kinyume cha dini yake. Seneta mmoja, Whitlow, akakubali kuupeleka bungeni. Mara tatu Ujagar alisimama mbele ya kamati, na mara tatu akavua kilemba mbele ya wageni ili wakione kichwa chake. Kwake ilikuwa sawa na kuvua nguo.

Siku ya kura, Whitlow akamwambia Tavleen kwamba kura mbili zimepungua, na wenye kura hizo wanataka kifungu cha nne kiondoke. Tavleen akampigia simu Resham Singh, mwenyekiti wa gurudwara yao, nyumba ya ibada ya Singasinga. Resham akasema kiondolewe, na Ujagar asiambiwe. Tavleen akakifuta kwa mkono wake. Muswada ukapita, watu wakashangilia.

Ujagar akaomba asomewe sheria yote. Akasomewa. Akawauliza wale watatu kifungu chake kiko wapi.

Seneta akasema, "Mimi nilileta sharti la wengine tu. Sikufuta neno."

Resham akasema, "Watu wetu mia tatu waliofukuzwa viwandani kwa sababu ya kilemba na ndevu wanarudi kazini. Ungejua, ungekataa."

Tavleen akasema, "Nilifuta mimi, baba. Tungekosa vyote. Mwakani tutakidai tena."

Ujagar akawatazama mmoja mmoja. "Walioninyoa sikuwajua. Ninyi nilikula nanyi."

Akaondoka. Kabla mwaka haujaisha, mahabusu ileile ikamnyoa Singasinga mwingine, mzee wa miaka sabini.

Haya, mliokaa hapa, msinijibu harakaharaka, na msiwasahau wale mia tatu. Aliyeleta sharti, aliyeficha, na aliyefuta: je, nani alistahili zaidi hasira ya Ujagar?