Gamba Lililozibwa Mdomo

"Kilichofungwa na udongo hufunguliwa na moto." Nimemwambia hivyo shangazi yenu, aliyesema hana neno huku akikunja kwa mara ya tatu shati aliloliacha mumewe, nanyi mmenigeukia mnataka kujua maana yake. Haya, sogeeni, na huyo aliye nje aingie. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Ikombe, kando ya ziwa, palikuwa na mfinyanzi mjane, Subilaga. Wenzake walifinyanga vyungu vya kupikia. Yeye alifinyanga maboga, konokono wa ziwani, ua la mgomba likiwa bado limejikunja. Watu walimcheka, kisha wakanunua. Aliyemletea vya kuiga ni bintiye, Ngwisa.

Ngwisa akapendana na dereva wa Tunduma. Mama akakataa, binti akaondoka. Miaka minne Subilaga hakulitaja jina lake. Mama yangu na majirani walilitaja kwa niaba yake, mtoni na misibani. Lakini kila mtumbwi ulipogusa mchanga, mikono yake ilitulia juu ya udongo mpaka abiria wa mwisho ashuke.

Mwaka wa nne alifinyanga gamba la konokono, kubwa kama mtoto aliyelala. Ndani akaweka gamba dogo, la mwisho kuokotwa na Ngwisa, akaliziba lile kubwa mdomo kwa udongo. Kila mfinyanzi anajua kwamba kitu kilichozibwa huachiwa tundu, hata la mwiba, pumzi itoke. Yeye hakutoboa.

Siku ya kuchoma, moto ulipokolea, gamba likapasuka kwa kishindo, likavunja na vyungu vya wenzake. Wanawake wakanung'unika. Jirani yake Tusekile akachokoa majivu, akakuta gamba dogo limeungua jeupe.

"Dada, umesahau tundu? Wewe uliyetufundisha?"

"Sikusahau. Niliogopa kisije kikatoka."

"Kitoke nini?"

Subilaga akaliokota gamba lile dogo likiwa la moto vilevile.

"Ngwisa," akasema. "Namtaka mwanangu. Hata na huyo dereva wake."

Hakuna aliyenung'unika tena. Mtumbwi wa Jumamosi uliondoka na maneno hayo. Kama Ngwisa alikuja au hakuja, kila nyumba inasimulia yake. Mama yangu aliona hili tu: Jumamosi zote zilizofuata Subilaga alishuka ufukweni, akawauliza abiria kwa sauti, akimtaja kwa jina.

Sasa mwiteni shangazi yenu, aje na hilo shati, akae hapa katikati yetu. Msimwulize kitu; akiwa tayari atasema mwenyewe. Kilichofungwa na udongo hufunguliwa na moto.