Furushi la Minza

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama watu walionyimwa chakula? Nimewaona mwenyewe mkilamba vidole. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Sukumeni kuni ndani kidogo, na wewe unayesinzia huko nyuma, egemea ukuta, usije ukamwangukia mwenzako.

Hapo zamani za kale, ng'ombe walipokuwa bado wanasema, na watu walipokuwa bado wanawasikiliza, aliishi mfugaji mmoja jina lake Luhende. Mke wake, Kwandu, alifariki akamwachia mtoto mchanga, Sayi. Mama yake Luhende, Mama Nkwimba, ndiye aliyebaki na mtoto mgongoni mchana kutwa. Kilio kilipopoa, Luhende akaoa tena, akamleta Minza kutoka ng'ambo ya mto.

Siku Minza alipofika, mumewe alitangulia akamwambia, "Njoo." Jirani aliyesimama langoni akajibana kando akamwambia, "Pita." Mama mkwe wake hata hakuinua uso kutoka kwenye chungu. Akamwambia, "Ingia."

Basi Minza akaja, akapita, akaingia. Akaweka furushi lake pembeni mwa chumba, na furushi lile hakulifungua. Kesho yake hakulifungua. Keshokutwa hakulifungua. Akihitaji kitu, aliingiza mkono kwa juu, akakipapasa, akakitoa, kama msafiri aliyelala nyumba ya watu. Hakuna aliyemtukana, jamani, wala hakuna aliyemnyima chakula. Lakini moyo wake ulikuwa mzito, na hakujua auelezeje.

Sasa mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Ng'ombe wote walikauka, akabaki mmoja tu mwenye maziwa, ng'ombe wa mabaka aliyeitwa Madoa. Na Madoa alikuwa ng'ombe wa Kwandu, na Kwandu ndiye aliyekuwa akimwita aingie. Tangu Kwandu alipozikwa, kila jioni wenzake wakiingia zizini, yeye alisimama nje ya lango la miiba. Ndama wake alipenya chini ya ua akanyonya, lakini mkono wa mtu ukigusa chuchu, hakuna kitu. Luhende alimfunga kamba akamvuta. Mwili uliingia, maziwa yakabaki nje.

Na Sayi alikuwa anaishi kwa uji mwembamba wa mtama. Alilia mpaka sauti yake ikawa ndogo, na sauti ile ndogo ndiyo iliyomtia Minza hofu. Akasema, "Mtoto huyu sikumzaa, lakini hatakufa mimi nikiangalia." Akachukua kibuyu, akaenda uani.

Akamkuta kuku. "Kuku, marehemu alikuwa akimwitaje Madoa?"

"Nitajuaje? Mimi jioni huwa nimeshalala," kuku akasema. "Lakini ng'ombe ana shida gani zaidi ya tumbo? Mwambie 'Njoo ule!' Mimi nikilisikia hilo, hata niwe na msiba nakuja mbio."

Jioni Minza akatoka na majani mabichi aliyoyafuata mbali bondeni. "Madoa, njoo ule!"

Madoa akamtazama. Akasema, "Neno nimelisikia. Miguu haikulisikia." Akageuza kichwa.

Siku ya pili akamwendea mbwa. Mbwa akacheka. "Umemwita kwa majani? Anakuona mjinga. Simama wima, mwambie 'Sogea hapa!' Sauti itoke tumboni. Bwana akiniambia hivyo, mkia wenyewe unaingia katikati ya miguu."

Jioni Minza akasimama wima. "Madoa! Sogea hapa!" Hata yeye mwenyewe alishtuka.

Madoa akamtazama. Akasema, "Neno nimelisikia. Miguu haikulisikia."

Siku ya tatu Sayi hakulia kabisa. Alikuwa amelala tu, macho nusu wazi, na Mama Nkwimba alikuwa akimpepea. Minza akakimbia kwa mbuzi.

"Kuku ni mlafi na mbwa hana adabu," mbuzi akasema huku akitafuna. "Ng'ombe anabembelezwa. Piga magoti, mwambie 'Njoo basi, tafadhali.' Mimi mwenyewe hubembelezwa hivyo kila siku."

"Na huwa unakuja?"

"Siji. Lakini nafurahi."

Jioni Minza akapiga magoti mavumbini. "Madoa, njoo basi, tafadhali. Mtoto anatuondokea."

Madoa akamtazama kwa muda mrefu safari hii. Akasema taratibu, "Neno nimelisikia, mwanamke. Miguu haikulisikia." Na kule kichakani fisi naye alikuwa na neno lake la kumwitia Madoa, lakini hilo silitaji, msije mkaota.

Hapo Minza nguvu zikamwisha. Akakaa chini langoni, kibuyu mapajani, akalia. Alilia kwa ajili ya Sayi, kisha, ninyi mnajua kilio kikishaanza, akalia na ya kwake yote.

"Unanionea bure, Madoa," akasema. "Hata mimi niko nje kama wewe. Mimi nimeambiwa njoo. Nimeambiwa pita. Nimeambiwa ingia. Maneno yote nimeyasikia, na miguu yangu haijayasikia mpaka leo. Furushi langu limefungwa vilevile nilivyolileta..."

Maneno aliyoyasema yalikuwa ya Madoa. Akafuta machozi kwa kiganja, akamtazama yule ng'ombe aliyesimama mahali pamoja kila jioni, akiangalia nyumba anayoijua, akingoja. Na Minza akajua anangoja nini, maana yeye mwenyewe alikuwa amekingoja siku zote zile.

Akainuka. Akaiondoa miiba ya langoni, si nusu, yote, mpaka njia ikawa pana. Akasimama kando, kama mtu anavyompisha mgeni anayemheshimu.

"Karibu, Madoa," akasema. "Karibu nyumbani. Jua limekuchosha, na aliyekuwa akikupokea hayupo. Niko mimi. Karibu."

Madoa akashusha pumzi ndefu. Akainua mguu wa mbele, akaushusha ndani ya lango. Akainua wa pili. Akaja mpaka alipo Minza, akasimama, akapanua miguu ya nyuma kama ng'ombe anayetaka kukamuliwa. Akasema, "Alikuwa akiniambia hivyo kila jioni, kana kwamba ndiyo kwanza nafika. Kamua."

Maziwa yakashuka. Kibuyu kikalia chwaa, chwaa, chwaa, mpaka povu likapanda mdomoni.

Minza alipogeuka, alimkuta Mama Nkwimba mlangoni, mtoto kifuani. Alikuwa amesikia yote. Wakamnywesha Sayi kidogo kidogo kwa kata, na Sayi alipomaliza akapiga kelele za kutaka zaidi, kelele kubwa za kupasua masikio. Mama Nkwimba akacheka, kisha akalia.

"Neno lile nililificha," akasema. "Kwandu nilimwambia mimi, siku alipoletwa. Nikaona nikikuambia na wewe, yeye nitakuwa nimemfungia nje."

"Mama, sikuja kumfungia mtu mlango," Minza akasema.

Mama Nkwimba akampa mtoto amshike. Akasogea kando ya mlango, mgongo wake ukaegemea ukuta, njia ikawa pana.

"Basi karibu," akasema. "Karibu, mwanangu. Umechelewa kuambiwa, nisamehe. Karibu nyumbani."

Miguu ya Minza ikasikia. Akaingia, akamlaza Sayi kwenye ngozi, akavuta furushi lake kutoka pembeni, akafungua fundo. Ilikuwa kazi, lilikuwa limekaza. Ndani mlikuwa na nguo zake, shanga za bibi yake, na kibuyu kidogo alichopewa na mama yake. Ukutani palikuwa na kigingi, na kigingini kibuyu cha Kwandu. Minza hakukiondoa. Alipiga kigingi kingine kando yake, akatundika cha kwake, na vibuyu vile viwili vikakaa pamoja.

Hadithi yangu imetembea tangu jua kuzama, na safari yake imeishia hapa, mlangoni pako. Mwenye nafasi na aikaribishe.