Aliyeirudisha Sauti ya Dama

Hapo zamani, kabla hamjazaliwa ninyi mnaosinzia hapo mbele, palikuwa na mjane aitwaye Mbodze. Alijaliwa sauti nzito na mabega mapana, kwa hiyo kila hadithi ilipoigizwa uwanjani, zimwi alikuwa yeye. Watoto walimkimbia hata kisimani. Lakini kilichomnyima usingizi ni shamba. Alilima la kuazima, na mwenye shamba alikwisha kumwambia ahame.

Mwaka huohuo mke wa jumbe akafariki, na binti yao mdogo, Dama, akanyamaza. Hakusema na shangazi, hakusema na baba. Jumbe akatangaza kwamba atakayemrudishia mwanawe sauti atapewa shamba la bondeni.

Waganga walijaribu wakachoka. Ndipo Mbodze akaenda na waigizaji wenzake wawili kumwigizia mtoto hadithi uwanjani, mbele ya watu. Nyevu akawa msichana aliyepotea msituni, maana alijua kulia mpaka umhurumie. Kadzo akawa bi kizee wa kumtahadharisha. Na Mbodze akawa nani tena? Zimwi.

Nyevu akaimba, Dama akainua uso. Nyevu akalia, Dama akasogea. Mbodze akamnyemelea kwa nyuma, kajipaka majivu uso mzima. Hapo bi kizee alitakiwa aseme. Kadzo akamtazama mtoto, akanyamaza. Zimwi likanyoosha mkono.

"Dada, nyuma yako!" Dama akapiga kelele.

Uwanja mzima ulitokwa na machozi, jumbe kuliko wote. Kisha yakaja maneno ya shamba.

Nyevu akasema, "Jumbe, mtoto alinihurumia mimi. Mtu hampigii kelele asiyempenda."

Kadzo akasema, "Maneno yale yalikuwa yangu. Nilimwachia yeye ayaseme." Wapo walionong'ona kwamba alisahau tu.

Mbodze hakuzoea kujitetea. "Wenzangu hupendwa," akasema, "mimi huchukiwa kwa kazi hii mpaka nyumbani. Lakini bila zimwi, mtoto angemwonya mwenzake kuhusu nini?"

Jumbe akamgeukia mwanawe. Dama alikuwa akimfuta Mbodze majivu shavuni, bila woga.

"Igizeni tena," mtoto akasema, "nione vizuri."

Wakaigiza tena, na Mbodze akanguruma huku anacheka. Lakini shamba ni moja, halitoshi hata nyumba mbili, na mvua ziko njiani. Haya, ninyi mliokwisha kuamka: kati ya aliyependwa, aliyenyamaza na aliyeogopwa, nani alistahili shamba lile?